Mwalimu Asiyeitwa Jina

Mwalimu tuliyempata mwaka ule alikuwa na jina moja na shangazi yangu. Shangazi alifurahi mno. Kila akipita dirishani na mbwa wake alipaza sauti, "Somo! Wajukuu wangu wanakusumbua?" Mwalimu akacheka, na kipindi kikavurugika.

Mimi nilikuwa msaidizi wa darasa. Nilishazoea. Walimu hutoka mjini, hukaa, huchoka, huondoka, nami naanza upya kumwelekeza mwingine nani asikalishwe karibu na nani.

Halafu shangazi akafia hospitali, kule mjini Alice Springs. Tukaihama nyumba yake, tukapiga kambi ya msiba ng'ambo ya mto mkavu, tukalala mchangani. Jina lake likafungwa. Kwetu, wenyeji wa jangwa hili, marehemu hatajwi, na mwenye jina kama lake haitwi tena kwa jina hilo, huitwa Kunmanara.

Siku moja asubuhi gari la shule likaja kambini. Mwalimu akashuka, macho mekundu.

"Valmai, darasa ni tupu! Wamekuja watatu tu, na wananiita sijui Kunma-nini. Nikamwambia Kaylene, mimi naitwa..." Akalitaja. "Mtoto akaziba masikio! Nimewakosea nini?"

Wanawake wakaangua kilio. Bibi Nellie, mama wa marehemu, akajifunika blanketi kichwani.

Niliinuka kwa shida, magoti yakiniuma, nikamshika mkono nikamsogeza kando.

"Usilitaje tena. Aliyefariki ni somo wako."

"Somo wangu? Nilisikia kuna msiba. Kila niliyemuuliza ni wa nani, aliinamisha kichwa."

"Wangekwambiaje, na jina halitamkiki?"

Akaketi pale pale kwenye vumbi, akalia kama mtoto. Sikuwa na nguvu ya kumbembeleza. Bibi Nellie ndiye aliyefunua blanketi, akapigapiga mchanga kando yake kwa kiganja.

"Njoo ukae hapa, Kunmanara."

"Maskini," akasema binamu yangu Rhonda, akifuta kamasi. "Ametoka mjini na jina zuri, sisi tumemnyang'anya."

Tukacheka huku tunalia. Mwalimu alikaa nasi mpaka jua likatuchoma, akanywa chai yetu nyeusi, hakuuliza kitu. Kesho yake nikasikia amebandika karatasi juu ya jina lake mlangoni. Baada ya mazishi watoto wakarudi mmoja mmoja, wakimwita Kunmanara, naye akiitika.

Nilidhani huyu atabaki. Mwisho wa mwaka akaja kwangu, akakaa kizingitini bila kuvua kofia.

"Nimechoka, Valmai. Sirudi."

"Najua."

"Hunikasirikii?"

"Hasira nayo inataka nguvu, mwanangu."

Bibi Nellie alimsindikiza hadi kwenye ndege, akamshika uso kwa mikono miwili. Shule ilipofunguliwa, mwalimu mpya alikuwa bado hajapatikana. Nikafagia mchanga uliojaa darasani, nikawaketisha watoto kwenye mkeka, nikaanza na hesabu.