Kamba ya Panka na Minazi Mitatu ya Kahaso

Shule ya sheria ya Mishomoroni haikuwa na mlango, kwa hiyo hakuna aliyewahi kufukuzwa. Ilikuwa banda la kukaushia mbata, yaani nazi kavu, na harufu ya mbata ilimganda mwanafunzi nguoni hata watu wa Kisauni wakawa wanamtambua msomi wa sheria kwa pua kabla hajafungua mdomo. Aliyetaka kusoma alikuja na kigoda chake, akakaa.

Mwalimu alikuwa mmoja tu, Mzee Mwarandu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amevuta kamba ya panka katika korti ya mjini. Panka, kwa asiyelikuta, lilikuwa pazia zito lililoning'inizwa darini juu ya kichwa cha jaji. Mtu alikaa ukutani akivuta kamba, pazia likienda mbele na nyuma. Jaji akapata upepo, Mwarandu akapata sheria. Alisikia kesi za mashamba, za mirathi na za talaka, wala hakuruhusiwa kugeuza shingo. Ilipoletwa feni ya umeme akaambiwa ahsante, akarudi nyumbani na kichwa kilichojaa hukumu, na mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto.

Ila asipovuta kamba, sheria haikumjia. Basi akatundika mkeka mkuukuu kwenye boriti, akaufunga kamba, na kila somo likaanza kwa kilio cha ile boriti: kwii, kwii, kwii. Kilio kikisikika, kila mwanafunzi alikimbilia mahali pake katika kesi ya kuigiza.

Elkana, Mkamba aliyekuwa mlinzi wa mkonge kule Nyali, alikuwa askari, maana ndiye peke yake mwenye buti. Gona alikuwa hakimu, kwa ajili ya urefu na sauti. Na Kahaso alikuwa mshitakiwa.

Kahaso alikuwa mjane. Mumewe, Lewa, alizikwa masika ya mwaka ule vita vilipokwisha, na matangani Kahaso hakutoa chozi hata moja. Wanawake walinong'ona kwamba jicho lake ni kavu kama kifuu. Lakini siku ya kwanza shuleni, alipowekwa kizimbani kwa wizi wa mbuzi ambaye hakuwahi kuzaliwa, Gona alimwuliza kwa sauti nzito, "Una la kusema?" Kahaso akafungua kinywa, akalia mpaka Elkana akamwomba radhi kwa kumshika mkono.

"Huyu," alisema Mzee Mwarandu, "asipewe kazi nyingine."

Kilichomleta Kahaso pale ni minazi mitatu. Lewa aliipanda kwa mkono wake, akachonga vidato vya kupandia kwenye vigogo. Alikuwa mfupi, Mungu amrehemu, na vidato vyake vilikaribiana kama meno. Shamba, hata hivyo, lilikuwa la kaka yake, na sasa kaka yake alisema mnazi hufuata ardhi. Kesi ilikuwa kwa mudiri, mtawala wa mtaa aliyeamua kesi ndogondogo, mwezi ujao. Kahaso akishindwa, atafunga mzigo arudi kwa ndugu zake Kaloleni, na vidato vya Lewa vikanyagwe na wengine.

Huyo kaka ndiye Gona.

Mzee Mwarandu hakuona ajabu. "Shule ni ya umma," alisema, "na umma una magomvi."

"Basi nifundishe kesi yangu, mzee wangu," akasema Kahaso.

"Yako hatuigusi. Tutasoma ya mwingine iliyofanana nayo kama pacha."

Wakaisoma kila Jumamosi. Elkana alimsukuma Kahaso kizimbani. Kahaso akasema, "Nimekosa, bwana hakimu," akalia. Gona akasimama, akatoa hukumu aliyofundishwa: "Hujakosa, mama. Aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi si yake. Minazi ni yako. Nenda." Kisha akarudi nyumbani akiwaambia watu njiani, "Lakini langu mimi ni jambo jingine kabisa."

Siku ya kesi shule nzima ilikwenda, na vigoda vyao. Mudiri alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Juu yake lilining'inia panka, limetulia tuli. Mvutaji wake alikuwa mgonjwa.

Kahaso alikaa upande wa wadai. Alikuwa ameyapanga maneno yake kama makuti: la kwanza, la pili, la tatu. Mudiri akafungua kitabu, akajipepea kwa karatasi.

"Joto," akasema.

Mzee Mwarandu hakuweza kustahimili. Aliiona kamba, mkono wake mnene ukaenda wenyewe.

Kwii, kwii, kwii.

Elkana akaruka kama aliyeumwa na siafu. "Simameni!" Akamshika Kahaso, akampeleka kizimbani. Kahaso akasikia ulimi wake ukisema, "Nimekosa, bwana hakimu," na machozi yakamiminika. Moyoni alikuwa akipiga kelele: Ewe Kahaso, umejimaliza!

Kalamu ya mudiri ilibaki hewani. "Mama, si wewe uliyeshitaki?"

Lakini Gona alikuwa amekwisha simama, mrefu, kidevu juu. "Hujakosa, mama," akanguruma. "Aliyepanda mti ndiye mwenye mti, hata kama ardhi si yake. Minazi ni yako. Nenda."

Panka likasimama.

"Nawe ni nani?" akauliza mudiri.

"Mimi..." Gona alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Mimi ndiye mdaiwa, bwana."

"Minazi hiyo nani aliipanda?"

Gona alimtazama Mzee Mwarandu, ambaye kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya korti alikuwa amegeuza shingo.

"Ndugu yangu Lewa," akasema polepole.

Mudiri alivua miwani, akafuta macho, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Wallahi, sijapata kesi rahisi kama hii. Mdaiwa amehukumu, nami naandika. Mzee, endelea kuvuta."

Shule nzima ikafuatana, vigoda kichwani, hadi minazini. Gona akasimama chini ya mnazi wa kati.

"Shemeji, kule kizimbani, ulilia kilio cha shule au cha kweli?"

"Sikuwahi kulia cha shule hata siku moja."

Gona akavua kanzu, akapanda amwangushie dafu. Vidato vya mtu mfupi havikumpenda: kila hatua goti lilimgonga kidevu, naye akapanda kama panzi, shule nzima ikianguka kwa vicheko.

"Shemeji!" akaita kutoka juu. "Niruhusu nichonge vingine vya kadiri yangu!"

Kahaso alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaweka kiganja chake kwenye kidato cha chini.

"Thubutu!" akajibu. "Panda hivyo hivyo."