Jina la Pili la Winga wa Kushoto

Jumapili mchana, Gerold aligeuza soseji jikoni pembeni mwa uwanja huku akijaribu kipaza sauti, na winga wa kushoto akatoka ardhini karibu na nukta ya penalti. Alijikung'uta udongo, akachukua jezi na viatu kwa bibi Irmtraud, anayewafulia wachezaji wote, akaanza kupasha misuli moto. Mwamuzi alimkagua viatu, akaridhika.

Timu ya Niederlützel, kijiji kidogo cha Ujerumani, ilibaki na wachezaji kumi walio hai, akiwemo kipa mwenye goti bovu. Bila huyu wa kumi na moja wangelazimika kuungana na kijiji jirani cha Hohlbach, na Hohlbach, jamani, hata ngazi hawawaazimi. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza mengi.

Winga aliitwa Stepan. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliletwa kwa nguvu kutoka Ukraina, akalima bure shamba la babu yake Gerold. Siku alipoomba viatu, mzee yule akamtwanga sepetu ya kisogo, akamfukia hapo hapo, kabla uwanja haujawa uwanja. Irmtraud aliona akiwa mtoto mdogo. Kijiji kizima kilijua. Viatu alikuja kupewa na timu.

"We katoto," Stepan alimwambia Irmtraud, ambaye sasa alitembelea mkongojo, "nimechoka. Wewe umeniita sana, lakini peke yako haitoshi. Waniite wote, jina langu lote, niende kwa mama."

 Wala halikuwa jambo gumu. Niederlützel, bao likiingia, Gerold hutaja jina la kwanza kwenye kipaza sauti, na watu huitikia la pili kwa kelele. Stepan akifunga, Gerold husema "namba kumi na moja" tu, kisha hupiga muziki.

"Gerold, leo mtaje."

"Bibi Irmi, ligi bado ndefu. Tusiposhuka daraja, tutamtaja."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo. Huna haya?"

"Haya ninayo, bibi. Winga mwingine sina."

Dakika za mwisho Stepan aliwachambua mabeki wawili wa Hohlbach, akafunga. Uwanja ukalipuka. Irmtraud akamnyang'anya Gerold kipaza sauti.

"Stepan!" akaita.

 Stepan alisimama kwenye kibendera cha kona, mkono sikioni. Watu wakatazama bia zao. Mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kutafuta funguo mfukoni.

"Hrytsenko," akasema Irmtraud, peke yake. 

Mwamuzi akatazama saa, akapuliza filimbi ya mwisho. Wakaimba, wakamrusha kipa juu, wakamdaka vibaya. Stepan alivua viatu, akavipanga vizuri kando ya mstari, akaelekea kwenye nukta ya penalti miguu mitupu.

Gerold alikuwa amerudishiwa kipaza sauti.

"Mazoezi Jumatano!" alimpigia kelele. "Usituangushe!"

Stepan, akiwa ameshazama hadi kiunoni, akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiitikia shambani.