Mjane Katika Mbio za Pinki

Mimi sina subira, na wanaonisema kwa hilo hawanisingizii. Basi wifi yangu Thobile aliponiambia, tukiwa tunamenya maboga, kwamba ameona uvimbe kwenye titi la kushoto, na kwamba hospitali atakwenda akishamaliza msiba wa kaka yangu, nilitamani kumtia kofi.

"Utakwenda lini?"

"Nikivua nyeusi."

"Nyeusi unavua baridi ya mwakani, Thobile. Hicho kitu kitakungoja?"

Akaendelea kumenya. Mjane kwetu hapandishi sauti, hakimbii, hapiti mbele za watu. Nguo nyeusi huivaa mwaka mzima, na mbele ya mgeni haivuliwi mpaka siku ukoo wa mume utakapomtakasa na kuichoma moto. Sasa nesi atakupima vipi titi, nawe umefunga vifungo mpaka kooni na mtandio mweusi umekufunika juu yake?

"Nikivua kabla ya wakati watasema nilikuwa nangoja Bheki afe," alisema. "Wanangu wakikohoa tu, nimewaroga."

"Watasema akina nani?"

"Si unawajua? Wa kwanza mama yako."

Mama yangu, LaMatsebula, ndiye mkubwa wa wanawake wa ukoo wetu, na kwa desturi hana mchezo. Tangu tumzike Bheki sikuwa nimemsikia akicheka. Kila asubuhi alikaa barazani akimtazama Thobile anafagia ua amevaa lile gauni jeusi, na nilijua kwamba kwake gauni lile ndicho kitu pekee kilichobaki cha mwanawe. Thobile aliniapisha nisimwambie. Nikaapa, huku roho inaniuma.

Na kilichoniuma zaidi ni hiki: mimi ndiye mwenye kipaza sauti. Kila mwezi wa kumi klabu yetu ya wanawake hapa mjini Manzini huandaa mbio za kilomita tano. Tunavaa fulana za pinki, tunachangisha nauli za wagonjwa wa saratani ya matiti, na mwisho wa mbio, uwanjani, kuna hema la manesi wanaopima bure. Miaka yote nawafokea wanawake wa watu: jipapaseni, msione haya, msingoje. Halafu nyumbani kwangu mtu anangoja.

Nikakaa nikawaza, nikapata njia. Kila mwaka mbio zetu zina mtu wa mwisho, anayetembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu barabarani. Nikamwambia Thobile kazi hiyo ni yake.

"Mjane hapiti mbele za watu, wewe utakuwa nyuma ya mji mzima. Mjane hakimbii, wewe tembea. Haya, nitajie desturi uliyovunja."

Alifikiri, akakosa. Akatabasamu kidogo, na mimi nikafurahi mno.

"Wewe wifi ni mjanja wa kufungwa."

"Nifungwe tu. Mimi nataka miguu yako ifike pale uwanjani. La titi utaamua mwenyewe."

Mama tulimwambia tunakwenda kliniki ya watoto. Mungu anisamehe.

Siku yenyewe jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Nkambule, yule muuza nyama mwenye kitambi, alikuja amevaa sidiria ya pinki juu ya fulana, kama afanyavyo kila mwaka.

"Baba Nkambule, hiyo sidiria ya nani?" nikamuuliza kwenye kipaza sauti.

"Ya mke wangu."

"Na yeye leo kavaa nini?"

"Kavaa subira. Miaka yote ndiyo anayovaa."

Watu wakacheka mpaka wengine wakachelewa kuondoka mstarini. Thobile alisubiri wote wapite, ndipo akaanza kutembea, peke yake na nyeusi yake nyuma ya pinki tupu. Wanawake wa kanisani kwetu walikuwa wamesimama kando ya barabara kuangalia. Walipomwona wakaanza kunong'onezana, na mmoja akatoa simu. Niliiona ile simu, nikajua inapiga kwetu.

Alipofika uwanjani nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja hadi hemani. Nesi alikuwa binti mpole. Akafunga pazia, akasema, "Dada, vua nguo ya juu tu."

Thobile alishika kifungo cha kooni. Akakishika vile vile, hakukifungua.

"Siwezi, wifi."

"Thobile, nakuomba."

"Siwezi. Nitakuja siku nyingine."

"Siku ipi? Niambie siku, niijue." Nilianza kwa ukali nikamalizia kwa kulia, na kulia kwangu hakukumsaidia mtu. Alikuwa tayari amejitanda mtandio aondoke.

Ndipo nikasikia sauti nje. "Mke wa mwanangu yuko wapi?" Kisha, bila shaka amekutana na Nkambule na sidiria yake: "Na huyu naye kafiwa na nani?"

Pazia likafunguliwa. Mama aliingia akihema. Alikuwa amekuja mbio mzee wa watu, viatu vyote vumbi.

"Gcinile," akaniambia, "umemtoa mjane wangu nyumbani ukamleta kwenye mbio za matiti? Mbele ya watu wote hawa?"

Nilikuwa nimeapa, nikameza maneno. Thobile ndiye aliyejibu, kwa sauti ile ya chini.

"Mama, nina uvimbe."

"Wapi?"

Akagusa kifua.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Nani anajua?"

"Wifi."

Mama aliketi kwenye kiti cha plastiki, akatutazama mmoja mmoja.

"Mdogo wangu alinificha," akasema. "Akawa anajifunika shuka hata wakati wa joto, mimi nadhani ni maringo. Nilikuja kuliona lile titi siku namwosha maiti. Na nyinyi mnanificha. Mlidhani nitasema nini?"

"Kwamba nguo haivuliwi," nikasema.

"Mjane hajivui. Anavuliwa. Na wa kumvua ni mimi. Kwa nini hamkuniita?"

Nesi akasogea kando kumpisha.

Mama akainuka. Vile vifungo ni vidogo, lakini nilipotaka kumsaidia alinisukuma. Alifungua cha kwanza, akafungua cha pili. Kabla ya kuvimaliza alisimama, akaegemeza uso wake kwenye lile gauni, akasema, "Bheki, baba yangu, usinikasirikie." Nilielewa kwamba alikuwa anamzika mara ya pili. Kisha akaendelea mpaka mwisho.

Nesi alipapasa taratibu, akarudia, akanawa mikono.

"Uvimbe upo. Ni nini, siwezi kusema, hospitali watapima. Lakini Jumatatu uende, dada. Usipitishe Jumatatu."

"Na huko watamvua tena?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Pengine mara nyingi."

Mama aliliangalia gauni lililokuwa mapajani mwake. Akalikunja, akalikunja tena, akalibana kwapani.

"Basi hili halirudi mwilini."

"Mama, ukoo watasema nini?" Thobile alikuwa analia.

"Ukoo nitaongea nao mimi. Gcinile, lete fulana moja ya hizo zenu."

Alimvalisha fulana ya pinki kwa kumpitishia kichwani, akamvuta mikono itoke, kama unavyomvalisha mtoto anayekwenda shule, kisha akamfunga kanga yake mwenyewe kiunoni. Tukatoka. Wanawake wa kanisani walikuwa wamesogea hadi karibu na hema. Mama akaenda akasimama mbele yao, lile furushi jeusi kwapani.

"Nimemvua mimi, niliyemzaa marehemu. Mwenye neno ajue kwangu ni wapi. Asimfuate huyu."

Wakatupisha njia.

Tulitembea polepole kurudi nyumbani. Mama alianza kulia njiani, kwa sauti, bila kujificha, kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Thobile alimshika kiuno. Tulipokaribia geti Mama akajifuta uso, akaniuliza hospitali inafunguliwa saa ngapi.

"Saa mbili, Mama."

"Basi tutoke kabla ya jua. Na mimi nakuja. Sitaki tukute foleni."