Kijiko cha Akina Crimmin

Kweli tupu, hata tone la uongo halimo! Hivyo ndivyo alivyoapa Fintan Crimmin, mkono mmoja kifuani na mwingine mfukoni, kilimolala kijiko cha fedha cha kuonjea chai.

Dada yake Gobnait, aliyeiendesha kampuni ya chai ya ukoo pale mjini Youghal, alitaka kijiko hicho kitundikwe dukani kwa sherehe ya miaka mia. Fintan hakutaka. Babu alionjea, baba akaonjea, naye akaonjea miaka arobaini na sita mpaka akastaafu. Akikitoa, atabaki kizee chenye mfuko mtupu. Wakapatana mbele ya wapakiaji chai wa kampuni: Fintan asimulie historia ya kampuni, na akinaswa kwa uongo mmoja, kijiko kinaenda ukutani.

"Babu Malachy," akaanza, "akionja maziwa, anakwambia ng'ombe kalalia ubavu gani."

"Huo si uongo?" mpakiaji mmoja akadakia.

"Hiyo ni chumvi tu," Gobnait akasema. "Endelea, kaka."

"Akaja Mwingereza, Bwana Pettifer, na masanduku arobaini ya chai. 'Utanunua?' Babu akajibu, 'Aa, usijisumbue.' Si mnajua, mtu aliyelelewa hakubali kitu mpaka abembelezwe mara tatu. Mwingereza maskini hajui! Akadhani bei ndiyo mbaya, akaikata nusu. 'Usijisumbue kabisa, bwana.' Akaikata tena. Mara ya tatu babu akasema, 'Haya, kwa kuwa umeng'ang'ania.' Shehena nzima kwa bei ya kondoo wawili, mmoja kilema!"

Wapakiaji wakacheka hadi machozi. Gobnait hakucheka.

"Kwa hiyo hakuna Crimmin aliyewahi kukubali mara ya kwanza?"

"Hajazaliwa! Si babu, si baba, si mimi. Tungekufa na kiu kwanza."

Akaendelea saa nzima, na dhoruba, na panya waliokunywa chai wakakesha wiki mbili, mpaka koo likamkauka kama jani la chai. Gobnait akapita na birika.

"Chai, kaka?"

"Ijaze, dada, Mungu akubariki!"

Wapakiaji wakapiga meza kwa viganja. Fintan akakitazama kikombe, akamtazama dada yake.

"Niulize tena."

"Wala."

"Mara moja tu, uone nitakavyokataa!"

"Kunywa, inapoa."

Akanywa. Akachovya kijiko kwa mara ya mwisho, akakifuta kwa mkono wa sweta, akamnyoshea dada yake.

"Aa, usijisumbue," akasema Gobnait.

Moyo wa Fintan ukaruka. Mfuko ulikuwa wazi, karibu kabisa. Lakini watu walikuwa wakimtazama, naye mtoto wa watu, kalelewa.

"Chukua, dada."

"Kwa kweli, usijisumbue kabisa."

Jasho likamtoka. "Nakuomba, Gobnait," akasema kwa sauti ndogo. "Chukua."

"Haya," dada yake akakipokea, "kwa kuwa umeng'ang'ania."