Mashoto Kwenye Meza ya Upasuaji

Wiki tatu nzima Régine aliuficha mkono wake wa kushoto kama mtu anayeficha sufuria aliyounguza. Alikuwa mashoto wa kuzaliwa, binti wa Mama Léontine, Mkongo muuza vitenge wa mtaa wa Oli. Tangu ajue kushika kijiko aliambiwa mkono ule hauli, haupokei, hausalimii mtu. Mama yake alikuwa akimfungia kwa kipande cha kitenge wakati wa chakula. Sasa ni mwaka wa sabini na nne, Régine ni mwanafunzi wa udaktari, amerudi Arua kutoka Makerere kwa mazoezi ya upasuaji hospitalini, na kile kitenge bado alikuwa anakisikia mkononi.

Taabu yake ilikuwa mafundo. Daktari Okuonzi, msimamizi wake, alikuwa na sharti moja tu: mwanafunzi apasue mgonjwa mmoja wa ngiri mwenyewe, toka mwanzo hadi mwisho, yeye akiwa kando. Akishindwa, kadi yake ya mazoezi haitiwi sahihi na mwaka anarudia. Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Nyumbani Régine alikuwa amefunga nyuzi kwenye mguu wa kiti mpaka Mama Léontine akauliza kama hicho kiti kinataka kutoroka. Kwa kulia mafundo yalilegea. Kwa kushoto yalikaa, tena kwa raha zake! Lakini nani Arua nzima angekubali kushonwa kwa kushoto?

Na mgonjwa mwenyewe sasa, jamani! Mzee Kenyi wa Koboko, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Waingereza, pamoja na mkewe Mariam Poni, mama asiyechekacheka ovyo.

"Huyu mtoto iko tayari?" Mariam Poni alimuuliza daktari mlangoni.

"Iko tayari, mama. Na mimi iko hapo hapo."

"Basi aseme Bismillahi, aanze na mkono ya kulia."

Régine, Mkatoliki wa watu, akaitikia ndiyo mama.

Mzee Kenyi alichomwa sindano ya ganzi ya mgongo, kwa hiyo alikuwa macho, anasimulia vita vya Burma nyuma ya pazia. Régine alikata vizuri. Kifuko cha ngiri akakipata, akakiinua, akapitisha uzi. Fundo la kwanza likateleza. La pili likateleza. Sista Margarita, mshika vyombo, akampa uzi wa tatu, na Okuonzi akanyoosha mkono kuupokea yeye.

Loo, Régine akaona mwaka mzima unaondoka na uzi ule!

"Daktari, nisubiri kidogo," akasema, kisha akainama kwenye pazia. "Mzee, samahani, mimi ni mashoto. Huu wa kulia unaniangusha. Naomba nikufunge na kushoto."

Mzee Kenyi akaanza kucheka, akacheka mpaka Okuonzi akamkemea, "Mzee, tulia, unatikisa tumbo!"

"Mtoto," akasema Kenyi, "kule Burma rafiki yangu alikuwa napiga bunduki na kushoto, na mimi iko hai. Funga!"

Régine akafunga. Okuonzi akalijaribu fundo kwa koleo, akalijaribu tena, likakaa. "Endelea," akasema. Na Régine akaendelea, furaha imemjaa hadi masikioni, mkono unakwenda wenyewe, huku Sista Margarita anahamisha vyombo na kufoka. "Wiki tatu nakupangia upande mbaya, na wewe unaniangalia tu! Una akili kweli?"

Okuonzi aliitia kadi sahihi akiwa ameiegemeza ukutani, kwa sababu meza yote ilikuwa imelowa.

Koridoni Mzee Kenyi hakungoja kitanda kisimame. Alimwambia mkewe yote, Burma na kushoto na mafundo. Mariam Poni akamsikiliza mpaka mwisho, uso mkavu. Kisha akamgeukia Régine, akanyoosha mkono wa salamu, na Régine akawahi kutoa wa kulia.

"Si huo," akasema Mariam Poni. "Nipe ule ulifanya kazi."

Akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akaushika sana, na Régine akalia pale pale mbele ya watu.