Elva na Chumba cha Mwisho wa Korido

Wewe umewahi kukataa kitu kwa adabu, ukaletewa kingi zaidi mpaka ukaona haya? Mimi yalinikuta Toowoomba, Jumanne moja ya mwezi wa saba, ofisini kwa mawakili, ghorofa ya pili.

Kwetu Queensland, Australia, kabla kesi ya mgonjwa kumshtaki daktari haijafika kwa jaji, pande mbili hukutanishwa kwanza. Kukutana kwenyewe ni jina tu. Mimi, binti yangu Janelle na wakili wangu Trudi tuliwekwa chumba cha upande wa barabara. Daktari Selwood na watu wa bima yake walikaa chumba cha mwisho wa korido. Katikati alitembea mpatanishi, Bwana Sproule, mzee mwenye sweta ya kijani iliyotoboka kiwiko, mkononi karatasi iliyokunjwa mara mbili.

Miaka mitatu nyuma Selwood alinitoa mfuko wa nyongo. Alipaswa kukata kimfereji cha mfuko; akakata mfereji mkubwa utokao kwenye ini. Siku ya tatu nilirudi kwake, macho ya manjano kama kiini cha yai, nikamwambia kuna kitu kinavuja ndani. Akanipapasa mguu juu ya shuka.

"Ni gesi tu, Elva. Tembeatembea."

Siku ya sita nilipelekwa hospitali kubwa ya Brisbane kwa ndege ya wagonjwa. Miezi minne nilikaa na mrija wa mpira ubavuni, kila asubuhi namwaga nyongo kwenye chupa ya kupimia, naandika kipimo kwenye kalenda ya jikoni.

Nilichokitaka nilikijua tangu kile kitanda cha Brisbane: Selwood anitazame, akiri kwamba nilimwambia. Ila Trudi alikuwa ameniasa. "Sproule akiingia, usijieleze. Ndiyo au hapana, basi. Mengine niachie mimi." Nami mtu mwenye kazi yake huwa simwingilii.

Sproule akaja na dola laki mbili. Nikasema hapana. Akaenda, akarudi na laki mbili na nusu. Hapana.

"Mama, ukikataa tena watakupa na hospitali yenyewe," Janelle akasema, mdomo umejaa keki ya nazi.

"Endelea hivyohivyo," Trudi akaninong'oneza. "Una roho ngumu wewe."

Roho ngumu wapi. Nilikuwa nafuata tu alichoniagiza: ndiyo au hapana.

Mara ya tatu ikawa laki tatu na elfu arobaini. Trudi akasema ndio mwisho. Nikikataa, ni mahakamani, miaka miwili mingine. Mimi nina sabini na tatu.

"Hapana," nikasema.

Sproule hakuondoka. Alivuta kiti, akakaa, akavua miwani.

"Elva, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Wewe ukisema hapana, kule wanasikia ongeza. Sasa wameishiwa. Nirudi niwaambie nini?"

Trudi akanigusa mkono ninyamaze. Nikauondoa mkono wake taratibu.

"Waambie hata hela ya mara ya kwanza ingetosha," nikasema. Trudi akafumba macho. "Nataka Selwood aje kwa miguu yake kwenye korido hii, akae hapo ulipokaa wewe, aniambie: Elva, uliniambia, nami sikukusikiliza."