Posa ya Mashine Tatu

Usiku wa jana niliota nimeposwa na mashine tatu za kuchomelea, zote kwa siku moja, na hakuna hata moja iliyopiga hodi.

Mimi naitwa Mwantumu, fundi cherehani wa hapa Korogwe. Watu wa kwetu wakiota, wanaota maji, nyoka, au marehemu anadai ubani. Mimi naota vyuma. Ndivyo nilivyo tangu nilipoamua kumtengenezea kaka yangu Mhina pikipiki ya magurudumu matatu. Lori lilimvunja mguu akiwa kwenye bodaboda yake, na mguu umegoma kupona. Wenzake wa kijiwe cha kahawa walikuja kumwona, wakaja tena, kisha wakaacha. Pikipiki ipo ukumbini, imefunikwa pazia. Ikipata gurudumu la tatu ubavuni, hatalazimika kutua mguu chini akisimama, na ataweza kwenda kijiweni mwenyewe.

Fundi wa vyuma wa mjini nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, nenda kachomelee kanga!"

Nikamwambia haya, asante. Nikatoka pale nimeapa nitachomelea mwenyewe, ila sikujua ninunue mashine gani.

Basi, naota nimekalishwa mkekani ukumbini, nimefunikwa kanga gubigubi kama mwali, na wachumba wanapita mmoja mmoja kujieleza.

Wa kwanza ni Bwana Mitungi. Ni mitungi ya gesi, wako wawili, ila wanaitika jina moja, na wamefungwa pamoja kwa mnyororo kiunoni.

"Sisi hatutaki umeme," wanasema. "Ukikatika mtaa mzima, sisi tunawaka tu. Sharti letu ni moja, hatulali. Ukitulaza chini, tusilaumiane."

"Hata usiku wa harusi?"

"Tutasimama kando ya kitanda."

Nikawashukuru, nikasema nitafikiri.

Wa pili ni Bwana Waya. Amevaa suti, na waya unamtoka mdomoni bila kukatika, kama maneno yake. "Kwangu mimi kazi ni rahisi unabonyeza tu mshono unatoka laini hauna maganda hauna moshi mwingi ila jambo moja upepo siupendi kabisa kwa sababu..."

Hapo ukuta wa ukumbini unaondoka, unakwenda zake, na tunajikuta katikati ya uwanja wa mpira. Upepo unavuma. Bwana Waya anazirai. Anabebwa juujuu na shangazi zake, suti na yote. Mimi kazi zangu nitazifanyia uani, na ua wetu hauna hata mlango. Mume wa kufungiwa ndani wa nini?

Wa tatu ni kimashine kidogo cha vijiti vya kuchomelea, ukubwa wa kapu la sokoni, mkanda wake umeungwa kwa kipande cha kitenge.

"Upepo nauvumilia," kinasema. "Kutu kidogo naivumilia. Umeme wa mtaani kwenu naujua, tumeshagombana sana. Nina sharti moja tu. Nikicheka, usinitazame usoni kwa macho makavu."

"Kwa nini?"

"Napendeza kupita kiasi."

Sisemi uongo, nikakipenda palepale.

Kumbe pembeni cherehani yangu inasikia yote. "Alaa! Nimekulisha miaka yote hii, leo unaniletea mke mwenza?"

"Si mke mwenza, ni mume."

"Ndiyo umezidi kuniudhi," ikasema, ikageukia ukutani.

Mara anaingia Bi Tupa. Ni tupa ya kunolea, ndefu, nyembamba, amejitanda buibui na meno yake yamemjaa mwili mzima. Ndiye somo yangu, eti. "Mwali hachomelei kabla hajafundwa," anasema, na sauti yake inanikwaruza hadi kwenye fizi. "Inuka!"

Nainuka. Tuko uani sasa.

"Kwanza, chuma kisingwe. Hakuna ndoa juu ya kutu wala juu ya rangi." Analaza mkekani bomba la kushikia gurudumu la tatu, analipiga msasa, analisugua. Bomba linaguna kwa raha. "Hapo, hapo mgongoni, mama." Linasuguliwa mpaka linang'aa kama sufuria ya mgeni.

"Pili, betri ya pikipiki itoke nje. Haya mambo si ya kuifaa, itakufa kwa mshtuko." Betri inatoka imenuna, inakaa kibarazani.

"Tatu, mumeo ana mikono miwili. Mmoja utaushika wewe, wa pili atakishika chuma. Asipokishika, utaongea peke yako mpaka mwisho wa dunia."

Kisha ananivisha ngao nyeusi usoni, yenye kioo cha giza. "Na hili ndilo shela lako. Ukilifunua mapema, usije kwangu kulia macho."

Hapo kaka Mhina anatoka ndani, amekaa juu ya pikipiki, anaisukuma kwa fimbo kama mtu anavusha mtumbwi. "Mdogo wangu, wageni wote hawa hata chai hawakupewa?"

"Nyamaza, naolewa."

"Na chuma?"

"Na chuma."

"Afadhali. Yule mumeo wa kwanza alikuwa mlevi."

Naanza. Kimashine kinacheka, cheche zinaruka, na mimi sikitazami ila kwa shela. Nashona kama ninavyoshona upindo wa shuka, kutoka mwanzo hadi mwisho, mkono haunyanyuki. Mshono ulivyotoka! Nikajipigia vigelegele mwenyewe. Tena sikuona haya.

Mhina akawasha, akatia gia, akaondoka. Akazunguka ua. Akazunguka tena. Bomba lilikuwa limejikunja upande niliolichoma, gurudumu la tatu likawa linaangalia ndani, na pikipiki haijui njia nyingine ila duara.

"Mwantumu!" anapiga kelele. "Namwona kuku yuleyule!"

"Nyoosha usukani!"

"Nimeunyoosha! Ni kuku ndiye anayerudi!"

Kila akizunguka anafifia, kama kitambaa kinachofuliwa sana. Bi Tupa anatingisha kichwa. "Asipotoka uani kabla ya jua kuchwa, atabaki humu humu. Ua utamzoea."

Nikaketi chini nikalia ndani ya shela. Nililia kweli, maana hata nikiwa macho ndivyo ilivyo, ua umeshaanza kumzoea. Asubuhi anakaa kibarazani, jioni anakaa kibarazani. Hata kuku hawamkimbii tena.

Hakuna anayejua la kufanya, hata Bi Tupa.

Cherehani, bado imegeukia ukutani, ikasema, "Ungepiga bandi."

"Nini?"

"Wewe gauni la harusi unalishona moja kwa moja bila bandi? Si unashikiza huku, unashikiza kule, unalipima mwilini, ndipo unashona? Au mtu akipata mume na akili inahama?"

Nikamtazama Bi Tupa. Akakohoa. "Hilo nilikuwa nimeliweka la kesho," akasema.

Tukalifumua lile bomba tukalinyoosha. Safari hii nikapiga bandi. Nukta moja juu, nukta moja chini, nukta ya kulia, nukta ya kushoto. Kwenye kila nukta nasubiri kidogo moto utulie. Cherehani inanishikia futi kamba bila kuulizwa, huku inalalamika. Tukapima, gurudumu likakubali kuangalia mbele. Ndipo nikashona, kipande huku, kipande kule, na kimashine kinacheka taratibu kama mtu aliyeshiba.

Mhina akawasha. Pikipiki ikaenda mbele. Ikapita kwenye uwazi wa mlango tusiokuwa nao, ikasimama, na kaka yangu akanyanyua miguu yote miwili hewani ili nione kwamba haangukii popote. Sijawahi kufurahi namna ile.

"Naenda kunywa kahawa!" akasema. "Nikuletee nini?"

"Kashata! Na iwe nzima!"

Maana tangu utotoni huyu hajawahi kuniletea kitu bila kukimega pembeni. Andazi, kiazi, hata sabuni.

Akaondoka anapiga honi. Kimashine kikaniuliza kwa sauti ndogo, "Nimekufaa?" Nikasahau masharti yote, nikafunua shela nikitazame usoni.

Weupe mtupu.

Lilikuwa ni jua la dirishani. Nikabaki nimelala, nasikia Mhina anakoroma chumba cha pili. Nikaenda ukumbini. Pikipiki ipo chini ya pazia, ina magurudumu yake mawili, haina habari. Roho ikaniuma kidogo.

Nikavuta kiti nianze kazi. Juu ya cherehani, kwenye sketi ya mteja niliyoiacha jana, kulikuwa na kashata. Ya nazi, bado laini. Ndani mwetu hapiki mtu kashata, na zinauzwa kijiweni tu.

Ilikuwa imemegwa pembeni.

Nikajifunga kanga, nikaenda kukaa mlangoni pa duka la vifaa vya kuchomelea kabla hawajafungua.